Simu yangu ina picha za harusi nisiyoalikwa

Mpendwa mwandishi wa safu,

Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa, basi marahaba yako nimeitanguliza.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 58, na maisha yangu yote nimetumia kitochi. Ramadhani iliyopita binti yangu aliyeko Dar es Salaam alininunulia simu ya kupangusa pale Kariakoo, akaituma kwa basi. Ilifika na boksi lake, nailoni haijachanwa. Alitaka tuwe tunaonana kwa video, maana amejifungua na hakupenda mimi nimwone mjukuu akiwa tayari anatembea.

Kwa kuwa hata kuiwasha sikujua, niliipeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda cha simu mjini. Akaweka laini mpya, akabofya, akabofya, akasema, "Mama, hii ni Android, bila imeili haifanyi kazi. Nikuwekee?" Nikamlipa elfu tano. WhatsApp ikaingia, nikamwona mjukuu, nikalia. Nikajua kazi imekwisha.

Haikuisha. Siku chache baadaye naona kwenye simu majina ya watu nisiowajua: Shemeji Mabanzi, Mama Zuhura Mkaa, Fundi Bomba Mpya. Kisha zikaanza kutokea picha. Harusi nzima! Bibi harusi ana shela refu, watu wanakula biriani, keki ya ghorofa tatu ya rangi ya zambarau, na mimi hata kadi sikupewa. Halafu watoto wa shule nisiowajua, halafu pikipiki inayouzwa. Jirani yangu mmoja kasema simu ina jini. Mwingine kasema ni ya wizi.

Kila siku inaniambia nafasi imejaa. Juma lililopita nikakaa nikafuta zile picha za harusi, zaidi ya mia mbili, kidole kikaniuma, na bado inasema imejaa. Kisha kuna matangazo. Namwonyesha mteja mshono, ghafla kioo kizima kinajaa kamari. Mteja mwenyewe ni mke wa shehe. Haya yalianza baada ya jirani kunirushia programu ya kusafisha simu. Na bando la wiki linakwisha kwa siku mbili.

Mjukuu wangu mkubwa yuko kidato cha pili. Akinielekeza kwa kutumia simu yake, mambo hayako mahali pamoja. "Bibi, pangusa pembeni irudi nyuma." Napangusa, hairudi. Anacheka, "Bibi, hujui Android?" Kweli sijui. Android ni nini? Ni kampuni? Ni aina ya simu?

Nimerudi kwa yule kijana. Anasema simu inataka kuflashiwa, elfu ishirini. Nimpe? Au nirudi kwenye kitochi changu, ambacho bado ninacho na laini yangu ya siku zote imo ndani?

Mama Cherehani,
Tanga

* * *

Shikamoo mama. Mdogo ni mimi, na marahaba yako nimeipokea.

Kabla sijaeleza lolote: usimpe elfu ishirini, na tafadhali usifute tena hata picha moja ya ile harusi. Hazina jini. Ni za mtu aliye hai, pengine yuko hapo hapo Tanga, ambaye naye alipeleka simu yake kwa kijana yule yule. Na hivi sasa huenda ameshika simu yake anajiuliza picha za harusi yake zinakwenda wapi.

Ngoja nikueleze nimejuaje. Simu ya wizi, au iliyotumika ikarudishwa kwenye boksi, ingekuwa na mabaki ya mtu mmoja: ndugu zake, shughuli zake. Wewe una shemeji wa huyu, muuza mkaa wa yule, na pikipiki ya mtu wa tatu. Hizo ni kaya kadhaa zimerundikana. Tena boksi lilifika na nailoni. (Ili wasiwasi wa wizi ukutoke kabisa, piga *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, au mbili kama simu ni ya laini mbili. Linganisha na iliyobandikwa kwenye boksi.) Kwa dalili hizo naona yule kijana hakukufungulia akaunti yoyote, yaani ile imeili aliyokutajia. Ana akaunti moja, yake au ya kibanda, na kila mteja anaingizwa humo humo. Nilikaa meza ya ufundi simu kabla ya kuandika safu hii na mchezo huo naufahamu. Kufungua akaunti mpya kunataka jina, tarehe ya kuzaliwa, nywila, namba ya simu, na subira. Kuingiza ile ya zamani ni dakika moja, na elfu tano ni ile ile. Kufungua akaunti ya Google hakulipiwi hata senti, ila jasho la kijana nalo lina bei, hapo simlaumu.

Sasa elewa umeingizwa wapi. Akaunti ile ni kama chumba kimoja chenye mlango kwenye kila simu iliyoingizwa humo. Majina ukiyahifadhi ndani yake, yanatokea kwenye simu zote. Picha zikinakiliwa kwenda ghala la mtandaoni, zinaonekana kwa wote. Ndiyo maana unaona biriani ya watu. Na ndiyo maana, samahani kukwambia, huenda kuna mtu hapo mjini anaona mishono ya wateja wako na anajiuliza huyu fundi ni nani. Tena mwenye nywila ya akaunti anaweza kuiona simu yako iko wapi kwenye ramani, kuifunga, hata kuifuta yote kutoka mbali. Huduma hiyo iliwekwa kwa ajili ya simu zilizopotea. Sisemi kijana ana nia hiyo. Nasema funguo anazo yeye, wewe huna.

Kwa hiyo kazi ya kwanza leo ni kuzirudisha zile mia mbili. Fungua programu ya Picha ya Google, ile yenye alama kama pangaboi la rangi nne, utafute mahali penye alama ya pipa. Picha zilizokuwa zimenakiliwa ghalani hukaa humo siku 60 kabla ya kupotea moja kwa moja, na wewe umefuta juma lililopita tu. Chagua zote, gusa neno la kurejesha. Kama ulifuta na majina, nayo yana pipa lake ndani ya programu ya majina, lakini hilo ni la siku 30, usichelewe.

Na umeshajua sasa kwa nini kidole kiliuma bure. Picha zile hazikuwa ndani ya simu yako. Ulikuwa unazitazama kupitia dirishani, na kila ukizitazama bando linaliwa. Ghala la bure la akaunti ya Google ni GB 15, na humo zinapangwa picha, barua pepe na mafaili kwa pamoja. Lilikusudiwa mtu mmoja. Ninyi mmo wangapi, kijana peke yake anajua. Ujumbe ukija tena usome taratibu: ukitaja akaunti au Google, kilichojaa ni ghala la mjini. Ukitaja simu au kifaa, ni kabati la nyumbani kwako.

Sasa swali ambalo mjukuu amekuchekea, na wengi wanaocheka hawalijui jibu.

Android si aina ya simu. Ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamka kwanza unapowasha simu na kugawa kazi: kioo kiwake vipi, nani atumie kamera, nani apate chaji, laini ipokee simu saa ngapi. Hata kitochi chako kina mfumo wake, ila ni mdogo na mara nyingi umefungwa. Kilichokuja na kitochi ndicho kitakachozeeka nacho. Android imejengwa ili ipokee wageni, na wageni hao ndio programu: WhatsApp, kikokotoo, msahafu, benki.

Ilianzia California mwaka 2003, kwenye kampuni ndogo ambayo mwanzoni iliwazia kamera za dijitali. Google wakainunua mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye Android ikauzwa Marekani mwaka 2008, ikiwa na kibao cha herufi kinachochomolewa kwa chini kama droo. Kwa miaka mingi kila toleo lilipewa jina la kitu kitamu cha Kizungu, kwa mpangilio wa alfabeti, mpaka toleo la 9 la mwaka 2018. Kuanzia la 10, mwaka 2019, zikabaki namba tupu hadharani. Kaimati na kashata hazikufikiwa na zamu.

Jambo lililoifanya ienee mpaka kwenye simu za bei ya chini ni kwamba kiini chake kiko wazi. Kampuni yoyote inaweza kuuchukua mfumo, ikaukata na kuushona inavyotaka. Apple hawafanyi hivyo. Mfumo wa iPhone uko kwenye iPhone tu. Wewe ni fundi, hili utalielewa kuliko mjukuu: mchoro wa gauni ni mmoja, lakini huyu anataka mfuko pembeni, yule anataka zipu mgongoni, mwingine anataka mkono wa puto. Samsung wanauita mshono wao One UI, Tecno HiOS, Infinix XOS. Chini ya kitambaa, mwili ni ule ule. Kwa hiyo mjukuu akikuelekeza kwa simu ya kampuni nyingine, anakuonyesha mfuko mahali ambapo kwako kuna kishikizo.

Na ile "pangusa pembeni irudi"? Android ina njia mbili za kutembea ndani yake. Ya zamani ni vitufe vitatu chini ya kioo: pembetatu hurudisha hatua moja nyuma, duara hukupeleka nyumbani, mraba hufunua kila ulichokuwa umekifungua. Njia mpya haina vitufe, unapangusa kutoka ukingoni. Simu ya mjukuu imewekwa ya pili, yako ya kwanza. Kwa anayeanza, mimi nashauri vitufe vitatu bila kusita. Kitufe unakiona, na ukipotea unajua pa kugusa. Mjukuu azoee chako. (Kwenye simu nyingi za Samsung pembetatu na mraba vimebadilishana upande, na hata umbo la alama si lile lile. Usishtuke ukishika ya mtu.)

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo lilipo tangazo la kamari lililokuaibisha mbele ya mke wa shehe.

Ifikirie simu yako kama nyumba ya Kiswahili ya kupangisha: korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kila programu ni mpangaji mwenye chumba chake. Android ndiyo mwenye nyumba. Mpangaji hawezi kuingia chumba cha mwenzake, ndiyo maana kikokotoo hakisomi WhatsApp yako. Lakini vitu vya pamoja vipo: kamera, kipaza sauti, majina, mahali ulipo. Mpangaji akivitaka, abishe hodi. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015 hodi hiyo inapigwa kwako, kwa kijidirisha kinachouliza: umruhusu au umkatalie? Watu wengi hugusa "ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi. Usifanye hivyo. Jiulize mpangaji huyu anakitakia nini. WhatsApp kutaka kamera, sawa, utamwonaje mjukuu? Tochi kutaka majina yako yote, kwani inakwenda kuwamulika?

Ile programu ya kusafisha ni mpangaji aliyekuja na madebe ya uchafu. Nitasema wazi hata kama jirani ataudhika: programu za kusafisha na za kuongeza kasi karibu zote hazina kazi. Android inajigawia kumbukumbu yenyewe. Ukizima programu kwa nguvu kila saa, simu inalazimika kuziamsha upya, na kuamsha kunakula chaji zaidi. Tena yako haikutoka Play Store, duka la programu la Google. Ilirushwa simu kwa simu, hujui njiani ilipita kwa nani.

Kumtambua mhusika ni hivi. Tangazo likijitokeza, usilifunge haraka. Gusa kitufe cha mraba, utazame kadi iliyo mbele imeandikwa jina gani, na hilo ndilo jina la mpangaji. Nenda Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha Programu, ulitafute jina hilo, uiondoe. Ikigoma kuondoka, ujue kuna mahali ilipewa ruhusa nzito. Tafuta humo humo ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine, uifunge. Kisha angalia sehemu ya ufikivu. Hii iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye shida ya mikono: programu iliyoruhusiwa hapo inaweza kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Ni ufunguo wa nyumba nzima. Kusafisha simu hakuhitaji ufunguo wa nyumba nzima. Ukiikuta imewashwa hapo, izime, ndipo uiondoe. Mwisho fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu, uchague Play Protect, uamuru ikague simu.

Turudi kwenye akaunti, maana hiyo ndiyo kazi kubwa. Tenga jioni moja tulivu, mjukuu awe pembeni, chaji ipite nusu. Mwambie kwanza aibadilishe simu iongee Kiswahili. Android inakijua, na mtu hawezi kujifunza nyumba ambayo milango yote imeandikwa lugha asiyoisoma sawasawa. Maneno mengine ya tafsiri yatakuchekesha, utazoea.

Kisha ingieni Mipangilio mpaka sehemu ya Akaunti. Mtaikuta ile ya kijana, andikeni jina lake kwenye karatasi. Gusa kuongeza akaunti, chagua Google, fungua mpya ya kwako. Ikiomba namba ya simu, usiweke ya laini mpya. Weka ile ya siku zote iliyo kwenye kitochi, iliyosajiliwa kwa kidole chako mwenyewe. Sababu ni hii: simu kubwa ikiibiwa, tarakimu za kukurudishia akaunti zitakuja kwenye kitochi, si mfukoni mwa mwizi. Tarakimu hizo, ziwe za Google au zile sita za WhatsApp, hazitajwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa mtandao.

Nywila isiwe jina la mjukuu wala mwaka wa kuzaliwa. Chukua maneno manne yasiyojuana, kama mkasi, embe, reli na mvua, uyaunganishe. (Si hayo, nimeshayaandika hapa.) Halafu yaandike kwenye daftari lako la vipimo, ukurasa wa nyuma, na daftari hilo lilale nyumbani. Wataalamu wengine watanuna kusikia nywila inaandikwa. Kwa uzoefu wangu, kwa kila mtu aliyeibiwa nywila daftarini nimeona wengi zaidi waliosahau wakafungiwa nje ya simu yao. Hapo hapo badilisha na namba ya kufungulia kioo, maana kijana huenda anaijua.

Akaunti mpya ikishaingia, usikimbilie kuitoa ya zamani. Majina yaliyoko kwenye laini hayataguswa, lakini uliyoyaongeza tangu upate simu hii huenda yamekaa kwenye ile ya kijana na yataondoka nayo. Kama hayazidi thelathini, yanakili kwa mkono daftarini, uyaingize upya chini ya akaunti yako. Ni haraka kuliko kuhangaika na vitufe. Kwenye programu ya Picha, zima kunakili ghalani. Kisha zima data, fungua picha zako moja moja na kuzikuza. Zinazobaki safi ziko ndani ya simu. Zinazokuwa na ukungu ziko ghalani tu, hizo washa data uzipakue. Za mishono na za mjukuu mtumie binti nakala. Akishathibitisha anazo, zifute kwenye akaunti ile, za kwako tu, ili wenzako wa chumba kimoja wasiendelee kuziona. Zitaondoka na kwenye simu yako, naye atakurudishia kesho. Kwenye WhatsApp, mahali pa nakala za mazungumzo, badilisha akaunti iwe mpya. WhatsApp yenyewe imefungwa kwenye namba ya simu, kwa hiyo mazungumzo hayapotei.

Sasa rudi Akaunti, iguse ile ya zamani, chagua kuondoa. Harusi itatoweka, Shemeji Mabanzi atatoweka. Huku si kufuta. Wenyewe wanabaki navyo, ni wewe tu umetoka chumbani.

Umeona kwa nini nimekataza kuflashi, yaani kuifuta simu yote na kuiwekea mfumo upya? Tangu toleo la 5.1, mwaka 2015, Android ina kufuli la kuwakomesha wezi: simu ikifutwa kwa njia ya vitufe vya ubavuni, ikiwaka inaidai akaunti iliyokuwemo kabla. Anayejua nywila ni kijana. Ungelipa elfu ishirini ya kufuta, ukarudi kwake akufungulie, akakuingiza tena kwenye ile ile.

Nafasi na bando ni mambo mafupi. Kabati la simu yako kwa kawaida linajazwa na WhatsApp: kila video ya makundi ya harusi na misiba inajishusha yenyewe, na hata unachotuma wewe kinabakiza nakala. Mipangilio ya WhatsApp ina sehemu ya hifadhi na data. Humo zima kujishusha kwa picha na video unapotumia bando, na humo humo utaona orodha ya mafaili makubwa ya kufuta. Kwenye Play Store, weka programu zijisasishe kwenye Wi-Fi tu. Usiku telezesha kioo kutoka juu, uzime data. Kiokoa data nacho kipo kwenye Mipangilio, kiwashe kisahau.

Hukuuliza kuhusu ujumbe wa kusasisha mfumo, lakini utakuja. Wa kweli huupata ndani ya Mipangilio, na ni vizuri kuukubali ukiwa kwenye Wi-Fi, maana huziba matundu ambayo matapeli wameyagundua. Simu za bei nafuu nyingi hupata masasisho machache, hilo si kosa lako. Ule unaoruka katikati ya kurasa za mtandao ukipiga kelele kwamba simu ina virusi, funga ukurasa, usiguse kitu.

Na kitochi kibaki. Pesa ziache humo humo: *150*00# na wenzake hawahitaji intaneti, akaunti, wala kijana wa mjini. Kina chaji ya siku kadhaa, na hakuna mpangaji atakayekuja na kamari.

Bado bibi harusi. Ukisharudisha zile picha, na kabla hujaiondoa akaunti, mpigie Shemeji Mabanzi. Shemeji wa mtu lazima amjue mtu. Atakudhania tapeli, nami ningekudhania hivyo hivyo. Kwa hiyo usimwombe namba yoyote wala pesa. Mwulize tu kama kuna ndugu yake aliyeoa au kuolewa kwa keki ya ghorofa tatu ya rangi ya zambarau, kisha msomee ukurasa huu.